RAV4 inazungusha stata lakini haiwaki, na taa nyekundu ya usalama haizimi: nianzie kwenye ufunguo, swichi au kontroli boksi?

Mwalimu wa Chuno (Mtwara Mjini)

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wanaouelewa mfumo wa kuzuia wizi unaotumia chipu iliyomo ndani ya ufunguo, kwa sababu hapa mjini nimepewa majibu yanayopingana na kila jibu lina gharama yake.

Gari ni Toyota RAV4 ya mwaka 2004, ya gia za mkono na ufunguo wa kuzungusha, iliyoletwa ikiwa imetumika kutoka Uingereza. Mchana linawaka vizuri. Shida ni asubuhi, hasa baada ya usiku wa mvua: stata inazunguka kwa nguvu zake zote na injini haishiki, au inashika kwa sekunde moja au mbili kisha inazima ghafla. Wakati huo taa ndogo nyekundu ya usalama kwenye dashibodi inaendelea kuwakawaka ingawa ufunguo umo ndani ya swichi. Nikiuchomoa, nikasubiri kidogo na kuurudisha, kuna mara taa inazima na gari linawaka papo hapo, na likishawaka halina tatizo tena. Nimekwenda nalo Masasi na kurudi bila kuzimika njiani.

Betri ya ndani ya ufunguo nimekwisha kuibadilisha, na rimoti inafunga na kufungua milango hata nikiwa mbali, lakini hali ni ileile. Betri ya gari bado ni mpya na vichwa vyake ni visafi. Ufunguo ninao mmoja tu, kwani aliyeniuzia alisema kwamba wa pili ulikuwa umepotea kabla gari halijafika Tanzania. Unakaa kwenye pete moja na funguo za ofisi, wa pikipiki, na wa akiba wa gari la mdogo wangu, ambalo nalo lina mfumo wa chipu.

Fundi wa kwanza anataka kuuruka mfumo wote ili gari liwake hata kwa ufunguo wa kuchonga barabarani. Wa pili anasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa, niagize iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Wa tatu kanishauri nichomoe waya wa betri usiku kucha ili kompyuta isahau kosa. Kabla sijatoa fedha, ningependa kujua ni sehemu gani hasa yenye tatizo na inatambulikanaje, na kama kazi hii inaweza kumalizikia hapa Mtwara au ni lazima gari lisafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar.

Fundi Umeme wa Masasi

Mwalimu, salaam kutoka Masasi. Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaonipigia simu, na nusu ya jibu imo katika maelezo yako mwenyewe, yaani ile taa nyekundu. Kabla hujamsikiliza fundi yeyote, mimi nikiwemo, isikilize taa. Ufunguo ukiwa nje, taa huwakawaka kuonyesha kwamba mfumo uko kazini. Ufunguo ukiingia na kutambuliwa, taa huzima. Ikiendelea kuwakawaka ufunguo ukiwa ndani, maana yake kompyuta haijapata namba inayoijua, na kwa hiyo imezuia mafuta na cheche. Hapo utazungusha stata mpaka betri iishe na injini haitashika. Na siku ambayo taa itazima lakini gari likakataa kuwaka, achana kabisa na habari za ufunguo, utafute kwenye pampu ya mafuta, rilei yake au sensa ya kranki. Usidanganyike kwa kutosikia pampu ikinguruma unapoweka swichi kwenye ON, kwa sababu katika Toyota nyingi za kipindi hicho pampu huanza kazi stata inapozunguka.

Ufunguo wako ni vitu vitatu vilivyofungwa ndani ya plastiki moja. Kuna chuma kilichochongwa, ambacho kazi yake ni kuzungusha swichi. Kuna rimoti, ambayo ndiyo inayotumia betri uliyoibadilisha. Halafu kuna chipu, kipande kidogo kisichokuwa na betri hata kidogo, kinachopata nguvu yake kutoka kwenye koili ya waya iliyozungushiwa mdomo wa swichi. Koili hiyo hutoa mawimbi ya masafa ya chini, yapata kilohezi 125, ambayo yanafika umbali wa sentimita chache tu. Chipu inaamka kwa mawimbi hayo, inajibu, amplifaya iliyoko palepale inalikuza jibu, na kompyuta inalilinganisha na kumbukumbu yake. Kwa hiyo milango kufunguka kwa rimoti hakuthibitishi lolote kuhusu chipu, na betri uliyoinunua haikuweza kusaidia kitu.

Kuna kiungo kimoja ambacho mafundi wengi hukisahau. Kompyuta haipeleki umeme kwenye koili mpaka ijue kwamba ufunguo umeingizwa, na inajulishwa na swichi ndogo iliyojificha ndani ya silinda ya swichi kubwa. Kuipima hakuhitaji kifaa: ingiza ufunguo bila kuuzungusha, kisha fungua mlango wa dereva. Ukisikia ule mlio wa kukukumbusha kwamba umeacha ufunguo, swichi ndogo ni nzima. Usiposikia, na unajua kwamba mlio huo ulikuwapo zamani, umeshapata mshukiwa.

Nikija kwa mafundi wenzangu, nitasema kwa heshima lakini waziwazi. Kontroli boksi iliyokufa haifufuki saa nne asubuhi jua likishatoka. Tatizo linalokuja na unyevunyevu na kuondoka na joto hukaa kwenye maungio: konekta, vituo vya waya (vile vichwa vya chuma vilivyomo ndani ya konekta), au kiungo cha solda kilichopasuka. Huku Masasi adui yangu ni vumbi. Huko kwenu pwani ni chumvi ya bahari, inayoota ukungu wa kijani kwenye shaba na kuzuia umeme mdogo ambao koili inautegemea. Na kuhusu kuchomoa betri usiku kucha, namba za funguo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Ungeweza kuliacha gari bila betri msimu mzima wa korosho na namba zingebaki zilezile. Utakachopoteza ni saa, stesheni za redio, na pengine redio yenyewe ikidai namba yake ya siri.

Fanya hivi kwanza, maana hakuna gharama. Toa ufunguo kwenye hiyo pete yako na uutumie peke yake. Chipu ya gari la mdogo wako ikikaa karibu na koili inaweza kujibu pamoja na ya kwako, na kompyuta ikasikia kelele isiyoeleweka. Hata pete ya chuma ikigusa kichwa cha ufunguo inaweza kuyavuruga mawimbi. Gari likikataa hata ufunguo ukiwa peke yake, usiongeze stata. Rudisha swichi hadi LOCK, uchomoe ufunguo, uurudishe, uweke ON na kuitazama taa. Jaribu pia kusukuma taratibu kava ya plastiki inayozunguka mdomo wa swichi, juu, chini, kushoto na kulia, huku ukiitazama taa. Kisha mtafute mtu mwenye mashine ya kupimia inayosoma misimbo (namba za makosa) ya imobilaiza, yaani huu mfumo wa kuzuia wizi. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu mara nyingi husoma misimbo inayoanza na herufi P peke yake, na hii ya kwetu huanza na B.

Ukisomewa, niletee msimbo kama ulivyo, usiniletee tafsiri ya aliyeusoma.

Mstaafu wa Mikindani

Naongezea juu ya ushauri wa kuuruka mfumo, kwa kuwa fundi hapo juu ameupita haraka. Mimi naupinga. Kuondoa ulinzi mzima kwa ajili ya konekta yenye kutu ni kung'oa mlango kwa sababu kitasa kinakwama. Kazi hiyo hufanywa ama kwa kuandika upya kumbukumbu ya kontroli boksi, na hapo mtu akikosea boksi nzima inapotea, ama kwa kuificha chipu ya ufunguo wako karibu na koili ili mfumo uone daima kwamba ufunguo upo. Njia hii ya pili ndiyo inayopendwa barabarani kwa kuwa ni rahisi, na ndiyo mbaya zaidi, kwani ufunguo wako pekee utakuwa umeuacha ndani ya gari, na mwizi atahitaji kuvunja silinda ya swichi peke yake. Isitoshe, kwa maelezo yako mwenyewe, kama koili ndiyo mbovu, kuificha chipu pembeni yake hakutaponya kitu: gari litaendelea kukataa siku za mvua kama kawaida, na fedha zako zitakuwa zimekwenda.

Kuhusu kontroli boksi ya kununua, mwalimu awe macho kwa sababu gari lake limetoka Uingereza. Kule, kuanzia Oktoba 1998, kila gari jipya lilitakiwa liwe na mfumo huu kutoka kiwandani, kwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya. Japani haikuweka sharti hilo, na ndiyo sababu magari mengi yanayotujia moja kwa moja kutoka kule, hata ya aina ileile na mwaka uleule, hayana chipu kabisa. Boksi ya gari la Japani inaweza kufanana kwa sura na ikatofautiana katika injini, gia na waya. Boksi ya gari lenye mfumo, nayo, imefungwa kwa funguo za gari lilikotoka, kwa hiyo ukiinunua bila ufunguo wake umenunua kufuli la mtu mwingine. Jirani yangu aliuziwa ya namna hiyo, na aliyemuuzia alimwambia kwamba itajizoeza yenyewe barabarani. Haikujizoeza.

Hata hivyo sikubaliani na fundi kwamba tuanzie kwenye koili. Ningeanzia kwenye kichwa cha ufunguo. Ufunguo wa miaka yote hiyo umeanguka mara nyingi sakafuni, na chipu iliyopata ufa inaweza kufanya kazi leo na kukataa kesho. Kama kava ya plastiki iliwahi kubadilishwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba chipu imekaa vibaya ndani yake, imegeuzwa au inachezacheza.

Binti wa Mtanda (Lindi)

Shikamoo mzee wangu wa Mikindani. Naomba niseme kidogo kwa faida ya wenye magari ya kitufe, yanayowashwa kwa kubonyeza badala ya kuzungusha ufunguo, maana tumekuwa wengi na maelezo haya yanatofautiana kidogo.

Kwenye gari la kitufe, betri ya ufunguo ikiisha dashibodi itakuambia kwamba ufunguo haupo hata ukiwa umeushika mkononi. Usiite fundi. Fungua mlango kwa kile chuma kilichofichwa ndani ya ufunguo, kaa, kanyaga breki, kisha ugusishe ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ukielekea kitufe kwa magari ya Toyota, na ukisikia mlio bonyeza. Hapo gari linasoma chipu bila betri, kwa njia ileile aliyoieleza fundi. Baadhi ya Nissan za zamani zina tundu la kuchomeka ufunguo mzima. Halafu ondoeni simu na chaja zilizochomekwa karibu na kitufe kabla ya kulaumu ufunguo.

Wenye Nissan za ufunguo wa kuzungusha wana jambo moja zaidi. Mfumo wao ukijaribiwa mara 5 au zaidi mfululizo bila kuutambua ufunguo, unajifunga, na kuanzia hapo hata ufunguo halali unakataliwa. Kuufungua ni kuweka swichi kwenye ON kwa sekunde 5 bila kugusa stata, kuizima kwa sekunde 5, kurudia mpaka mizunguko itimie mitatu, ndipo uwashe. Nimeliandika hili kwa sababu nimewaona watu barabara ya Mingoyo wakipokezana ufunguo na kila mmoja akijaribu bahati yake, na kila jaribio likizidi kulifunga gari.

Mwalimu wa Chuno (Mtwara Mjini)

Nawashukuru nyote, na shikamoo mzee. Nimefuata maelekezo na haya ndiyo majibu.

Ufunguo nimeutenga na funguo nyingine. Hali ilionekana kuwa nafuu, lakini asubuhi moja yenye unyevu gari likakataa tena, kwa hiyo pete haikuwa chanzo, au haikuwa chanzo pekee. Mlio wa kukumbusha ufunguo unasikika vizuri kila ninapofungua mlango. Kava ya ufunguo ni ya asili na haijawahi kufunguliwa. Nikiutikisa karibu na sikio hakuna kinachogongana ndani. Jambo lililonishangaza ni hili: gari likiwa limekataa na taa ikiwakawaka, nilisukuma kava ya mdomo wa swichi kuelekea juu kwa kidole gumba, na taa ikazima. Nilipoachia kidole, nikachomoa ufunguo na kuurudisha, taa ikaanza tena kuwakawaka.

Nimempata pia kijana mwenye mashine karibu na stendi ya Mkanaledi. Ameusoma msimbo mmoja tu, B2796, na upande wa injini hakukuwa na kosa lolote. Yeye aliutafsiri kwamba ufunguo si wa gari hili, lakini kwa kuwa fundi alinikataza kuleta tafsiri, nauacha kama ulivyo.

Fundi Umeme wa Masasi

Umefanya vizuri kuuacha, kwa sababu tafsiri hiyo ni ya msimbo mwingine. Ufunguo ambao umesikika lakini haujulikani huandikwa B2795. Chipu yenyewe ikiwa mbovu, na mzee wa Mikindani anisikilize hapa, kawaida huja B2793. B2796 maana yake ni kwamba hapakuwa na mazungumzo: kompyuta iliita na hakuna aliyeitika. Ukisoma B2796 peke yake bado unaweza kusema chipu imekufa moja kwa moja au imedondoka, lakini kidole gumba chako kimeshaondoa shaka hiyo. Taa isingezima kwa kusukuma plastiki ya usukani kama ugonjwa ungekuwa ndani ya ufunguo. Tatizo liko kwenye koili na amplifaya yake au kwenye konekta inayoziunganisha na waya wa gari, na mimi naweka dau kwenye konekta.

Kazi hii inafanyika hapohapo Mtwara na fundi yeyote wa umeme aliye mtulivu. Kwanza mwombe apime betri, kwa kuwa mfumo huu hauvumilii umeme dhaifu: gari likiwa limepumzika iwe karibu volti 12.6, na stata inapozunguka zisishuke chini ya 9.6. Halafu achomoe waya wa hasi na kungoja angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote kwenye usukani, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mfuko wa hewa uishe. Waya na konekta za rangi ya njano asiziguse wala asizipime. Baada ya hapo afungue skrubu za chini za kava ya usukani na kutenganisha vipande viwili vya plastiki. Ataiona pete nyeusi imevaa mdomo wa swichi, na waya wake mwembamba ukielekea kwenye konekta.

Akichomoa konekta, atazame ndani kwa tochi. Ukungu wa kijani au mweupe ndio chumvi niliyoisema. Isafishwe kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia vituo vya umeme na brashi laini. Petroli hapana, maji hapana, na msasa ndio kabisa asiulete, kwa sababu unaondoa lile tabaka jembamba linalozuia kutu na baada ya miezi michache mtarudi mlipoanza. Vituo vya kike vilivyolegea avikaze kidogo kwa ncha ya sindano. Kisha apime kwa multimita kama koili ina njia ya umeme kutoka mwanzo hadi mwisho, huku akiichezesha kidogo pete mkononi. Ikikatika na kurudi anapoichezesha, ni ya kubadilisha. Habari njema ni kwamba pete hiyo haina kumbukumbu ya namba yoyote. Namba ziko kwenye kompyuta na kwenye chipu, kwa hiyo pete iliyotumika kutoka gari la aina ileile lenye konekta ileile inafungwa na gari linawaka bila kuandikishwa upya. Iagize hiyo kutoka Kariakoo kama itabidi, inakuja na basi la kawaida. Gari lenyewe halina haja ya kuvuka Daraja la Mkapa.

Mwambie pia aangalie kama kuna waya wa alamu ya ziada uliofungwa na mtu baada ya gari kufika nchini. Ninakutana nazo mara kwa mara, zimeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu, na nyingine zinakata umeme wa stata au pampu kivyakevyake. Hiyo inaleta dalili zinazofanana na hizi ingawa haihusiani kabisa na chipu.

Mwalimu wa Chuno (Mtwara Mjini)

Fundi, ukungu wa kijani ulikuwapo, na kwenye kituo kimoja ulikuwa mwingi kiasi kwamba waya ulitoka na konekta ulipovutwa kidogo. Fundi wa hapa amekisafisha, amekibadilisha hicho kituo kimoja, na koili ameipima akasema ni nzima. Tangu hapo mvua zimenyesha usiku na asubuhi taa inazima mara ufunguo unapoingia. Alamu ya ziada hakuikuta.

Sasa naomba ushauri juu ya ufunguo wa pili, maana nimeogopa. Kuna mtu hapa anasema atanakilisha chipu yangu bila hata kuligusa gari, na mwingine anasema ni lazima gari liunganishwe na kompyuta. Ni yupi niende naye?

Mstaafu wa Mikindani

Nafurahi kwamba ilikuwa konekta, hata kama dau limekwenda Masasi.

Wote wawili wanasema kweli, kwani hizo ni kazi mbili tofauti. Anayenakili anachukua yaliyomo kwenye chipu yako na kuyaandika kwenye chipu tupu, hivyo kwa gari lako funguo mbili zitaonekana kuwa ni ufunguo mmoja. Ni haraka, na hakuna anayegusa kompyuta ya gari. Upungufu wake utauona siku mmoja ukiibiwa: hutaweza kuufuta ule na kuubakiza huu, kwa sababu gari halijui tofauti yao. Anayeandikisha analiunganisha gari na mashine, na ufunguo mpya unapewa nafasi yake katika kumbukumbu, ambayo baadaye inaweza kufutwa. Ningelipia kuandikisha, na ningelipia sasa, wakati ufunguo wa kwanza bado unafanya kazi. Ukiupoteza huo wa pekee, kazi itakuwa ya kufungua kontroli boksi na kuirudisha kumbukumbu yake mwanzo, na wenye ujuzi huo si wengi.

Kama ulipewa kile kipande kidogo cha bati chenye namba kilichokuja na funguo, usikitupe, ila usikitegemee zaidi ya kazi yake: namba hiyo ni ya kuchongea chuma, na chipu haimo.

Fundi Umeme wa Masasi

Nakubaliana na mzee. Nitaongeza jambo la siku ya kukabidhiwa, kwa sababu hapo ndipo wateja wengi wanapopigwa bila kujua. Usiuache ufunguo wako kwa mtu huyo na kwenda zako nyumbani. Kaa hapo mpaka amalize. Akishakupa mpya, hakikisha kwanza kwamba unazunguka laini katika swichi na katika kitasa cha mlango, kwa sababu chuma kilichochongwa vibaya kinakula silinda taratibu. Kisha mpe mtu ufunguo wa zamani asimame nao mbali na gari, hatua kadhaa, ndipo uwashe kwa mpya. Ufunguo wa zamani ukiwa kwenye pete moja na mpya, au umeushika karibu na usukani, koili inaweza kusoma chipu ya zamani, gari likawaka, mkapeana mikono, na ukagundua kwamba mpya hauna kitu siku utakayokuwa nao peke yake Nangurukuru usiku. Iache injini iendelee kwa dakika moja nzima, kwa maana sekunde mbili za kwanza hazithibitishi lolote. Uzime, uchomoe, uone taa ikianza kuwakawaka, urudishe na uwashe tena. Ukipita hapo, mlipe.